Mashine ya Gemu Iliyonadiwa Kanisani

Mume wangu ni dereva wa watalii. Kazi yake ni kuongea kutwa nzima kuhusu wanyama wasiomsikiliza, mbele ya wageni wanaomsikiliza nusu. Akirudi nyumbani kutoka porini hataki kuongea na mtu. Anaoga, anakula, anakaa kwenye kochi, anawasha mashine ya gemu na kucheza mpira kimya kimya mpaka uso ulegee. Mwanzoni mwa ndoa yetu jambo hilo lilinikasirisha. Baadaye nikachukua pedi ya pili ya kuchezea. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kule Kimandolu, na mimi pia kutwa naongea na watu wanaonisikiliza nusu, kwa hiyo niligundua kwamba ugonjwa wetu ni mmoja.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Kaloleni, karibu na uwanja wa mpira. Siku ya mechi kelele za mashabiki zilikuwa zinaingia dirishani na kutuchanganya, kwa sababu wale wanashangilia goli wakati sisi kwenye televisheni ndiyo kwanza tunapiga kona. Haukupita muda mrefu, watu wawili wakajiunga nasi. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mfamasia, mwenye duka la dawa mtaa wa pili. Alikuwa mkavu wa maneno, na alipenda gemu za mbio za magari ingawa maishani hajawahi kuendesha hata baiskeli. Wa pili alikuwa mwinjilisti wa usharika wetu. Kanisani ni mtu mpole kupita kiasi, lakini akishika pedi anabadilika. Hajawahi kutukana. Akifungwa goli anasema "Bwana asifiwe," ila anavyolisema, unainamisha kichwa kama vile wewe ndiye uliyetukanwa.

Kila nyumba ilikuwa na mashine yake, ya kampuni moja, na diski za gemu zilikuwa ghali. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba hakuna kununua gemu ambalo mwenzako analo. Mfamasia akinunua la magari, sisi tunanunua la mpira, mwinjilisti ananunua lile la kujenga miji, halafu tunaazimana. Diski zilizunguka Kaloleni kama sufuria kubwa ya shughuli, ile ambayo kila nyumba imeshaitumia kupikia. Sheria ilikuwa moja tu, kwamba diski irudi bila mkwaruzo. Mfamasia alikuwa akipokea yake anaigeuza kwenye mwanga, anaifuta kwa pamba yenye spiriti, kisha anakuangalia usoni. Hapo ndipo unajua kama umesamehewa.

Habari mbaya zilitufikia wakati wa masika. Watalii walikuwa hakuna, mume wangu alikuwa nyumbani, na mchana wa Jumamosi moja tulikuwa wote wanne sebuleni kwetu tukisubiri umeme urudi. Mfamasia alikuwa anasoma kitu kwenye simu, na nikaona uso wake umekaza kama mtu anayesoma cheti cha daktari mwenye mwandiko mbaya. Kisha akatusomea. Kampuni iliyotengeneza mashine zetu ilikuwa inaleta mashine mpya. Katika mashine hiyo, diski ukiiweka mara ya kwanza inaandikishwa kuwa ni yako wewe. Ukimwazima jirani, kwake haitacheza mpaka na yeye ailipie. Ukiichoka, huwezi kuiuza kwa mtu yeyote tu. Zaidi ya hapo, kila siku mashine itatakiwa kuingia kwenye mtandao na kuripoti kwa kampuni. Isiporipoti inagoma, hata kama diski umeinunua kihalali na imo ndani tayari.

Mwinjilisti alimwomba arudie polepole. Mfamasia akarudia. Mwinjilisti akauliza itakuwaje akifa. Hatukumwelewa. Akafafanua kwamba akifa leo, vitu vyake ni vya mke wake, basi je, mjane wa watu atalazimika kununua upya gemu ambalo marehemu alishalinunua? Mfamasia akamwambia mke wake hachezi gemu. Mwinjilisti akasema hilo silo suala, na alisema kwa uchungu kabisa, kama vile ameshalala kwenye jeneza na watu wanampora.

Mfamasia mwenyewe aliumizwa na ile ya kuripoti kila siku. Alisema yeye mama yake mzazi yuko hapo Usa River tu na hajamripotia tangu Pasaka, sasa aje aripoti kwa watu asiowajua, na kwa bando lake.

Lakini aliyeguswa kuliko wote alikuwa mume wangu. Alisimama. Mwenye nyumba wetu alikuwa ametukataza kupigilia misumari ukutani, ametukataza kukaanga samaki, ametukataza kuanika nguo upande wa mbele. Mume wangu alikuwa amevumilia yote hayo miaka mingi, na nadhani siku ile yalipanda yote kwa pamoja.

"Hapa nimepanga," akasema. "Mwenye nyumba akinikataza kupigilia msumari namwelewa, ukuta ni wake. Lakini diski nimeinunua. Mbona na yenyewe ina mwenye nyumba?"

Umeme uliporudi hatukucheza. Tulikaa tukaangalia rafu ya diski kama watu waliopewa taarifa ya kuhama.

Siku zilizofuata tuligundua kwamba hatuko peke yetu. Kwenye ukurasa wa kampuni watu wa dunia nzima walikuwa wanalalamika, kwa lugha tusizozijua, na hasira ilisomeka bila tafsiri. Tukaamua na sisi tuandike. Mfamasia aliandika sentensi mbili fupi, mtindo wa maelekezo ya dawa, kwamba mpango huu una madhara na usitishwe mara moja. Mwinjilisti aliandika kwa Kiswahili, akawaombea viongozi wa kampuni mioyo laini, akamalizia na suala la wajane. Mume wangu aliandika kwa Kiingereza. Kwa kuwa Kiingereza chake chote amekipatia kwenye gari la watalii, barua ilianza kwa kuwakaribisha sana Tanzania, ikawatakia mapumziko mema, ikawaeleza kwa upole kwamba walipofika sasa ni eneo la hatari, na ikawashauri wasishuke kwenye gari. Nilimuuliza kama ana uhakika na hiyo ya gari. Akasema ni lugha ya picha.

Cha ajabu ni kwamba waraka wa mwinjilisti ndio uliopendwa. Watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili waliuwekea mioyo na ngumi, na mmoja kutoka nchi ya baridi huko akamwandikia maneno marefu ambayo mwinjilisti aliyatazama siku nzima bila kuelewa. Tangu hapo akawa anatembea Kaloleni kama mtu mwenye waumini ng'ambo.

Mume wangu hakufurahia kupitwa. Alianza kusema kwamba maneno matupu hayatoshi. Alisema mtu mwenye msimamo hawezi kuendelea kukaa na chombo cha kampuni ya namna ile sebuleni kwake. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari, nikaitikia bila kuinua kichwa. Mwanaume wa watu alikuwa amekaa nyumbani mwezi mzima kwa sababu ya mvua, nikajua anahitaji kitu cha kusema.

Jumapili iliyofuata tulialikwa kwa shangazi yake, mlimani Meru, kwenye njia ya kwenda Momela. Usharika wao ulikuwa na ibada ya mavuno. Shangazi ni mjane, ana kihamba cha kahawa na migomba, na katika ukoo wao hakuna anayempinga. Mume wangu, ambaye anaweza kusimamisha gari mbele ya tembo dume na kuendelea kuongea, akiitwa na shangazi anajikagua kwanza kola. Tulipakia mchele na sukari vya kumpelekea. Niliona pia boksi limefunikwa blanketi kwenye buti la gari, nikadhani ni vifaa vya kazini kwake.

Ibada ya mavuno mnaijua. Watu wanaleta mazao, yanabarikiwa, halafu nje kunakuwa na mnada. Mnadi alikuwa mzee wa kanisa mmoja mwenye sauti ya kubembeleza. Alikuwa ameshanadi mikungu ya ndizi, jogoo mwekundu aliyekataa kunyamaza, kibuyu cha maziwa na kondoo. Ndipo nikamwona mume wangu anatoka kwenye gari na lile boksi mikononi, anatembea kuelekea mbele. Blanketi lilikuwa limeondolewa. Nilitambua waya wa pedi yangu ukining'inia pembeni.

Mzee wa kanisa alilipokea boksi, akaligeuza, akauliza kama ni redio. Mume wangu akasema ni mashine ya kuchezea mpira. Mzee akaliangalia tena ukubwa wake, akauliza wachezaji wanakaa wapi. Watu wakacheka, na mume wangu akaona aombe nafasi aeleze. Akapewa, na ndilo lilikuwa kosa la mzee.

Mume wangu alihutubia. Alianza tangu mtu anapotoka jasho kutafuta riziki. Akafika kwenye kununua, akaeleza maana ya kununua, akasema duniani wametokea watu wanaotaka ununue kitu na kiendelee kuwa chao. Leo ni gemu, akasema, kesho ni jembe. Wazee wakatingisha vichwa kukubali, kwani hiyo ya jembe iliwaingia. Akamaliza kwa kusema kwamba yeye na nyumba yake hawatanunua tena kitu cha kampuni ile maisha yao yote, na kwamba mashine hii na diski zake zote anamtolea Mungu.

Mama mmoja nyuma yangu alimuuliza mwenzake, kwa sauti ya chini, kama ni sahihi kumpa Mungu kitu ambacho wewe mwenyewe umeshakichukia. Mimi nilikuwa na swali hilo hilo. Nilikuwa na la pili pia, kuhusu maneno "yeye na nyumba yake," maana nyumba yake ni mimi, na nilikuwa naongoza ligi ndani ya ile mashine.

Mnada ukafunguliwa, pakawa kimya. Jogoo mwekundu peke yake ndiye aliyesema kitu. Mkulima mmoja wa nyanya akataja bei ya utani, watu wakacheka, na hakuna aliyeongeza. Mume wangu alikuwa bado amesimama pale mbele, na niliona anaanza kulowa mgongoni. Hapo shangazi akainuka. Alikuwa amekaa na kina mama wa umoja wa wanawake wa usharika, wote wamefunga vilemba vya bluu, na uso wake ulionyesha wazi kwamba ukoo unaaibika hadharani. Akataja bei. Hakuna aliyemjibu. Akaona bei yenyewe bado haijafuta aibu, akaipandisha. Hakuna aliyejibu tena, naye akaipandisha mara nyingine. Mzee wa kanisa alijaribu kumwelewesha kwamba anashindana na yeye mwenyewe. Shangazi akamwambia agonge. Akagonga.

Njiani kurudi mjini nilimuuliza mume wangu kwa utaratibu kwa nini sikuulizwa. Akasema lilikuwa suala la msimamo. Nikamuuliza msimamo wa nani. Alianza kunionyesha twiga waliokuwa wamesimama mbali kwenye uwazi kule upande wa hifadhi, akataja na uzito wao. Hiyo ndiyo tabia yake akibanwa.

Tulipofika Kaloleni, mfamasia alikuwa ametuachia ujumbe kwa jirani kwamba anaomba diski yake ya magari, wikiendi yake imeisha vibaya na anataka kuendesha kidogo. Nilimwangalia mume wangu. Niliona anahesabu kichwani vilivyokuwa ndani ya lile boksi, kisha akakaa kwenye ngazi za nyumba. Diski ya magari ilikuwa ya mfamasia. Diski ya kujenga miji ilikuwa ya mwinjilisti. Mume wangu, katika kutetea haki ya watu kuazimana diski, alikuwa ametoa sadaka diski za kuazima.

Mfamasia alipoambiwa hakupaza sauti. Aliuliza diski iko wapi, akaambiwa iko mlimani. Akauliza kwa nani, akaambiwa kwa shangazi, kupitia kwa Mungu. Akafunga pochi yake akaondoka, na kesho yake nilipoenda dukani kwake kununua dawa ya kikohozi alinieleza matumizi yake kama vile hatujawahi kuonana. Mwinjilisti alikuwa na shida kubwa zaidi, kwa sababu hakuweza kulalamika kwamba kitu chake kimetolewa kwa Bwana. Alisema amepokea. Alirudia mara kadhaa kwamba amepokea, na kila aliporudia ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba hajapokea.

Kabla wiki haijaisha, kampuni ikarudi nyuma.

Nilikuwa shuleni, kwenye mapumziko ya chai, simu ikaanza kutetema mezani. Mwinjilisti alikuwa ameandika kwenye kundi letu, mara nyingi mfululizo, neno "Haleluya" tu. Mfamasia akaweka taarifa yenyewe. Kampuni ilisema imewasikia wateja wake na imeufuta mpango wote. Mashine mpya itatoka, lakini diski zitakuwa kama zamani. Utaazima, utauza, utampa unayemtaka, na mashine haitakuwa na habari ya kuripoti kila siku. Nilijikuta nimesimama katikati ya ofisi ya walimu na kikombe mkononi. Mwalimu mkuu aliniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, tumerudishiwa diski zetu. Akanipa pole.

Jioni mapema tulikusanyika kwetu. Mfamasia alikuja na soda, akamkabidhi kila mtu isipokuwa mume wangu, kisha baada ya kufikiri akampa na yeye. Kwenye ukurasa wa kampuni ilikuwa sherehe. Walewale waliokuwa wanatukana juzi sasa walikuwa wanashukuru, na wengine waliapa kununua mashine mbili mbili. Wapo waliosema kampuni isiaminiwe, kwamba imetoka mlango wa mbele itarudi na wa uani, na mfamasia alikuwa upande wa hao. Mwinjilisti aliona wazi kwamba ni maombi, kwa maana ya lile andiko lake. Alisema utukufu ni wa Mungu, halafu akatuonyesha tena idadi ya mioyo aliyopata.

Mume wangu alisema tumeshinda. Alilisema vizuri, akiinua soda. Kisha macho yake yakaenda kwenye meza ya televisheni, pale palipokuwa pamebaki alama ya mstatili isiyo na vumbi, na nikaona furaha inamtoka taratibu.

Jumamosi tukapanda mlimani, sisi wawili pamoja na mwinjilisti. Mfamasia hakuweza kufunga duka, lakini alimpa mwinjilisti maagizo. Njiani walipanga watakavyosema. Mume wangu atarudisha kiasi chote shangazi alichotoa, na mwinjilisti ataeleza, kama mtumishi, kwamba hakuna ubaya. Mimi niliulizwa nitachangia nini. Nikasema nitatazama.

Tulimkuta shangazi sebuleni. Mashine ilikuwa juu ya kabati la vyombo, imewekewa kitambaa cha kufuma chini na kingine juu, pedi zimelala pembeni kama samaki kwenye sahani. Televisheni ilikuwa inawaka. Kina mama wawili wa umoja walikuwa wamekaa kwenye makochi, na mmoja wao alipotuona alificha kitu chini ya kanga. Kilikuwa pedi yangu.

Tuliamkia, tukaitikiwa, tukaletewa loshoro, makande ya maziwa mgando. Mume wangu alikula kwa adabu mpaka akaona hakuna namna, akaanza. Alieleza tangu mwanzo. Kampuni ilikosea, watu wakapinga, yeye akiwa mmoja wao, na sasa kampuni imetubu. Kwa hiyo sababu ya yeye kuachana na mashine imekwisha, na kama shangazi ataona vyema, yuko tayari kumrudishia alichotoa.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Ana tabia ya kusikiliza akiwa amefumba jicho moja.

"Hao watu," akasema, "walitaka mtu akinunua kitu kisiwe chake?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na wewe ukakataa. Tulikusikia wote, mpaka jembe ukalitaja."

"Nilikataa, shangazi."

"Vizuri sana, baba. Basi na mimi hiki nimekinunua."

Mume wangu alimgeukia mwinjilisti. Mwinjilisti akakohoa, akakaa sawa, akaanza kutofautisha kati ya sadaka ya hiari, sadaka ya shukrani, na sadaka iliyotolewa kwa hasira. Alikwenda mbali. Alipofika kwa Ibrahimu, shangazi akamuuliza swali moja tu, kama mtumishi wa Mungu anasema sadaka inaweza kurudishwa. Mwinjilisti akatazama diski yake ya kujenga miji iliyokuwa pale juu ya kabati, ikionekana vizuri kabisa, akasema inategemea. Kisha akaona kina mama wa umoja wanavyomtazama, akasema haiwezi.

"Sadaka haina chenji," shangazi akasema, akamwongezea loshoro.

Hapo nikaona nichangie. Nilimwambia shangazi kwamba diski mbili kati ya zile hazikuwa za mume wangu, na wenye nazo hawakuulizwa. Sikumwambia kwamba na mimi sikuulizwa, lakini nadhani alisikia. Alimtazama mpwa wake muda mrefu, akamuuliza kama ndivyo. Akakiri. Shangazi akasema mtu hatoi kondoo wa jirani madhabahuni. Akaamuru diski mbili zirudi kwa wenyewe siku ileile, na mpwa wake azibe pengo kwa kuleta nyingine mbili, zake, za kununua. Mwinjilisti alipokea ya kwake kwa mikono miwili, na safari hii niliamini kwamba amepokea.

Kuhusu mashine, ilibaki pale. Shangazi alisema tukitaka kucheza tupande mlimani, hatatufukuza. Na kwa kuwa tulikuwa tumeshafika, akaniambia nikae nimwonyeshe jinsi ya kumtoa mchezaji aliyeumia, kwa sababu walikuwa wanaye mmoja anachechemea tangu Jumatano na wanamhurumia.

Nilicheza naye mchana ule wote. Timu yake alikuwa ameichagua kwa sababu jezi zao ni bluu ya kilemba cha umoja. Hakuwa na haja ya kufunga. Shida yake ilikuwa kipa. Aliona haifai mtu asimame peke yake uwanjani muda mrefu hivyo bila mtu kumjali, kwa hiyo kila akipata mpira alikuwa anamrudishia, hata akiwa mbele ya goli langu. Kina mama wenzake walimwona yuko sahihi. Mume wangu alikaa kwenye kigoda mlangoni akijaribu kueleza kanuni, mpaka akaambiwa na shangazi yake kwamba anaziba mwanga.

Mvua zikaisha, watalii wakarudi, mashine mpya ikatoka. Tatizo likawa kwamba mume wangu alikuwa ameapa mbele ya usharika mzima, na Arusha ni mji mdogo kuliko unavyoonekana. Karibu kila Jumapili mtu wa kule mlimani alishuka mjini akamuuliza kuhusu jembe. Asingeweza kuonekana anabeba lile boksi dukani. Kwa hiyo nililibeba mimi. Nililipia kwa mshahara wangu, risiti ikaandikwa jina langu, na nilipofika nyumbani nikamweleza mume wangu kwamba mimi sikuapa chochote. Anaweza kuazima, nikasema, kampuni imeruhusu. Ila aombe. Amekuwa akiomba tangu siku hiyo, na anaomba vizuri, kwa sauti ile anayotumia kwa wageni wazee. Mfamasia alirudisha moyo taratibu, kupitia gemu jipya la magari ambalo nilihakikisha yeye ndiye anakuwa wa kwanza kuliazima.

Likizo ilipofika tuliichukua ile mashine mpya tukampelekea shangazi aione. Mume wangu ndiye aliyeiunga, kwa mbwembwe zote, akieleza kwamba sasa picha ni safi mpaka majani ya uwanjani yanahesabika. Shangazi na wenzake wakasogea karibu. Wachezaji wakaingia uwanjani, kamera ikawavuta nyuso, na kweli ungeona mpaka jasho linawatiririka kwenye shingo.

Shangazi aliwatazama kwa jicho moja. Akauliza kama hawa ni walewale. Mume wangu akasema ni walewale, ila teknolojia imekua. Shangazi akasema wamechoka, wanaonekana wametoka mbali, na akauliza ni kitufe gani cha kuwapa maji. Mume wangu akaanza kueleza kwamba kitufe hicho hakipo. Shangazi akamwambia azime basi wapumzike, akanyoosha mkono, akaondoa kitambaa juu ya ile ya zamani.